MIZANI YA SKULI: NI NANI ALIYEFELI?



Kila mwaka, Januari inapokaribia kwisha, kuna siku moja ambayo mji wa Mwanza hauna mazungumzo mengine. Pale mwaloni Kirumba, penye magunia ya dagaa, wachukuzi hutua mizigo yao. Wenye maduka ya Makoroboi huacha kuhesabu fedha. Na mama aliyekaa mlangoni kwake juu ya majabali ya Mabatini humwita kijana yeyote apitaye na simu amsomee. Siku hiyo ndiyo siku ya kutoka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne.

Ikifika magharibi watu wamekwisha toa hukumu zao. Skuli fulani ni nzuri, skuli fulani ni mbovu. Mwalimu mkuu wa kule ni hodari, wa huku anakula mshahara wa bure. Watoto wa mtaa ule wana akili, wa mtaa huu hawafai kitu. Hukumu hizi hutolewa upesi, tena hutolewa na watu wema, wenye kusali na kufunga, ambao lau ungewataka wamhukumu mwizi wa kuku wangekuambia ulete mashahidi kwanza.

Mimi nataka kuuliza: je, hukumu hizi ni za haki? Tunapoitazama orodha ya skuli kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, tunapima kitu gani khasa? Na kama kipimo kina kasoro, yuko katika hali gani mbele ya Mola wake yule anayekitumia kumtukuza mmoja na kumdhalilisha mwingine? Swali hili si la walimu peke yao. Linamgusa kila mwenye mtoto, na kila mwenye jirani mwenye mtoto.

GUNIA LA DAGAA

Naanza pale pale mwaloni. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga. Walioanikwa juu ya chanja hutoka safi. Na waliopigwa na mvua huwa wazito kwa maji. Mnunuzi mjuzi hatazami mizani peke yake. Hutia mkono ndani ya gunia, akachota, akasugua, akanusa, ndipo anapotaja bei. Mizani haikusema uongo: gunia lina kilo zile zile zilizoonekana. Lakini mizani haikumwambia mtu kwamba ndani ya kilo hizo samaki ni kiasi gani na mchanga ni kiasi gani.

Matokeo ya skuli ni mizani ya namna hiyo. Yanapima vitu viwili kwa pamoja, kisha yanatoa nambari moja. Kimoja ni kile alichokuja nacho mtoto kutoka kwao. Cha pili ni kile alichopewa na skuli. Mtoto aliyekuja na vitabu, na taa ya kusomea, na chai ya asubuhi, na baba anayejua Kiingereza, na mwalimu wa ziada kila jioni, akapata daraja la kwanza: ni sehemu gani ya daraja lile iliyo kazi ya skuli? Na mtoto aliyeingia kidato cha kwanza hawezi kusoma sentensi mbili za Kiingereza, akatoka na daraja la tatu: je, mwalimu wa huyu hakufanya kazi kubwa kuliko mwalimu wa yule? Orodha haisemi. Orodha humpa mmoja taji na mwingine aibu, basi.

Sote twajua kwamba katika Qurani imo sura nzima, Al-Mutaffifin, inayofunguliwa kwa onyo kali juu ya wenye kupunja vipimo. Wengi wetu hudhani onyo hilo ni la wenye maduka. Lakini heshima ya mtu nayo hupimwa, na jasho la mwalimu nalo hupimwa. Anayempunja mwalimu wa skuli ya kata heshima aliyoitolea jasho amepunja kitu chenye thamani kuliko kilo ya sukari.

NAMBARI ZINASEMA NINI

Kabla ya kuhukumu kwa nambari, tuzifahamu nambari zenyewe. Katika kidato cha nne mtahiniwa huhesabiwa masomo saba aliyoyafanya vizuri zaidi. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, na F tano. Pointi 7 mpaka 17 ni daraja la kwanza. 18 mpaka 21 la pili. 22 mpaka 25 la tatu. 26 mpaka 33 la nne. Na zaidi ya hapo ni sifuri. Haya, sasa piga hesabu, ndugu msomaji. Mtoto aliyepata D mbili na F tano ana pointi 33. Huyo yumo ndani ya daraja la nne, na katika taarifa huandikwa kuwa amefaulu.

Matokeo ya mtihani wa mwaka 2024, yaliyotangazwa Januari 2025, yalionyesha kuwa waliofaulu nchini ni asilimia 92.37. Nambari hiyo inapendeza. Lakini waliopata daraja la kwanza, la pili na la tatu walikuwa kiasi cha 43 katika kila mia. Waliosalia kati ya hao waliofaulu, karibu nusu ya watahiniwa wote, walikuwa katika daraja la nne, na wengi wao hawakupata C tatu za kuwafungulia mlango wa kidato cha tano. Kwa hivyo skuli yaweza kutangaza kwamba watoto wake karibu wote wamefaulu, ikawa imesema kweli, na mzazi akaenda zake akiwa amedanganyika.

Tazama na mfano wa pili. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotangazwa mwezi wa Februari 2013, watahiniwa 240,903 walikuwa wamepata sifuri, takriban sita katika kila kumi. Nchi nzima ilishituka. Iliundwa tume ya kuchunguza, na mwezi wa Mei matokeo yale yakapangwa upya, baadhi ya watoto wakapanda, ingawa waliobakia na sifuri walikuwa bado wengi mno. Zingatia hapo: watoto walikuwa ni wale wale, na majibu yao ni yale yale. Kilichobadilika ni kipimo. Mtoto aliyekuwa amekwisha itwa mjinga mtaani kwa muda wa miezi mitatu, akalia, akafungiwa mlango, aliamka siku moja akaambiwa kumbe hukufeli. Na wale waliomwita mjinga, ni wangapi waliokwenda kumtaka radhi?

Hatimaye, Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha desturi ya kutangaza skuli kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sababu iliyotolewa ni kwamba skuli haziko katika mazingira yaliyo sawa, na kwamba kuzipanga hivyo kulikuwa kama kuzitangazia biashara baadhi yake. Wako waliolalamika, wakisema sifa huwatia watu juhudi. Hapana shaka sifa hutia juhudi. Lakini mgema naye akisifiwa tembo hulitia maji, na tutaona mbele maji hayo ni yepi. Walakin mimi sisemi mizani zifichwe. Mzazi ana haki ya kujua. Nisemalo ni kwamba mzazi ajifunze kutia mkono ndani ya gunia.

NI NANI ANAYEKAA DARASANI?

Kutia mkono ndani ya gunia maana yake ni kuuliza: watoto hawa ni akina nani, na wamefikaje hapa?

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa sekondari katika nchi nzima hawakutimia 12,000. Katika zama hizo kijana wa kanda hii aliyechaguliwa kwenda Bwiru alijulikana kijiji kizima. Alikuwa amechujwa katika chekecheke moja baada ya jingine, mpaka wakabakia wachache ambao hata ukiwaweka chini ya mti wangesoma. Na tusisahau ni nani aliyekosa hata kulifikia chekecheke. Pwani hizi za ziwa wamishonari walikwisha piga kambi tangu miaka ya 1870 na 1880, Bukumbi ikiwa ni mojawapo ya vituo vyao vya mwanzo, na skuli ziliota pembeni mwa makanisa. Mzazi wa Kiislamu, ambaye mara nyingi babake alipata dini kwa watu wa misafara waliotoka kwetu pwani, alikhofia kumpeleka mwanawe asije akarudi na jina jingine. Khofu ile haikuwa ya bure. Lakini gharama yake walilipa wajukuu.

Mwaka 1969 Serikali ilizichukua skuli zilizokuwa zikipewa ruzuku, na mtoto akawa anaingia bila ya kuulizwa dini yake. Mwaka 1974, hapo hapo kandoni mwa ziwa, likatolewa Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa umri wa skuli awe amepata nafasi katika skuli ya msingi ifikapo mwaka 1977. Skuli za msingi zikajaa. Mlango wa sekondari, hata hivyo, ulibakia mwembamba kama tundu ya sindano. Kwa miaka mingi, watoto walio wengi safari yao ilikomea darasa la saba, wakarudi kwenye pamba, kwenye ng'ombe na kwenye mitumbwi.

Mambo yaligeuka ulipokuja mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004. Kila kata ilitakiwa iwe na sekondari yake. Watu walibeba mawe na matofali, wakatoa michango, majengo yakainuka. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Leo wanafunzi wa sekondari nchini ni zaidi ya milioni mbili. Na watoto nao hawakungoja: mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509 katika hesabu ya mwaka 2012, na katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 3,699,872. Zaidi ya watu laki tisa wameongezeka katika miaka kumi, na kila mwaka wanahitaji madarasa, madawati, na walimu wa hisabati ambao hawaoti mashambani.

Sasa msikilize mzee anaposema barazani, "Skuli za Serikali zamani zilikuwa bora, siku hizi zimeharibika." Ndani ya maneno yake kuna samaki na kuna mchanga. Ni kweli kwamba zamani aliyeingia alifaulu. Lakini aliingia nani? Binti wa mvuvi wa Igogo aliyepata sifuri mwaka 2012, lau angezaliwa miaka thelathini kabla, asingepata sifuri hiyo. Si kwa kuwa angesoma zaidi, bali kwa kuwa asingefika kwenye chumba cha mtihani. Wazamani nao walifeli, tena kwa maelfu. Ila kufeli kwao hakukuandikwa mahali popote. Mlango ukifunguliwa kwa wote wastani hushuka, na hali elimu katika nchi imepanda. Anayeona wastani tu atalia mahali pa kushukuru.

Basi ingia leo katika darasa la skuli ya kata, hapa mjini au ng'ambo ya maji. Utamkuta msichana aliyepanda na kushuka mlima wa mawe na ndoo ya maji kichwani kabla ya kuvaa sare. Utamkuta aliyetoka Kwimba: nyumbani alisema Kisukuma, skuli ya msingi akajifunza kwa Kiswahili, na alipofika kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, akawa anatafsiri neno moja moja huku mwalimu amekwisha futa ubao. Utamkuta kijana wa Ukerewe anayesinzia juu ya dawati. Huyu ana siri yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo. Mwezi ukipevuka wavuvi hupumzika. Wako vijana ambao katika siku za giza hukesha ziwani, na asubuhi wamo darasani. Mwalimu asiyejua humchapa. Mwalimu anayejua huitazama kalenda ya mwezi, nasi Waislamu tungepaswa kuwa wa kwanza kuijua, akaweka zoezi gumu katika siku za mbalamwezi, kisha akaenda kumtafuta baba wa kijana huyo.

Hayo yote yamo ndani ya gunia. Orodha ya matokeo haiyataji hata moja.

DHULMA YA PILI

Hapa atatokea mtu aniambie: "Basi umewapa udhuru. Kila skuli mbovu sasa itasema watoto wake ni maskini, na kila mwalimu mvivu atanyooshea kidole ziwa."

Maneno hayo yana haki ndani yake, na lazima yajibiwe. Dhulma ni mbili. Ya kwanza ni kumlaumu mnyonge kwa unyonge wake. Ya pili ni kumkatia tamaa kwa sababu ya unyonge wake, na hii ya pili hujificha ndani ya nguo ya huruma. "Hawa ni watoto wa wavuvi, utawafanya nini?" Nimelisikia neno hili likisemwa kwa sauti ya upole, na naliona ni baya kuliko fimbo. Fimbo huuma siku moja. Neno hili humwambia mtoto kwamba Mwenyezi Mungu alipogawa akili alikipita kijiji chao.

Twakumbuka kisa kinachotajwa katika Surat Abasa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitumai wataongoka. Akaja kipofu, Ibn Umm Maktum, mtu asiye na cheo, akitaka kufundishwa. Mtume hakupendezwa kukatizwa, akamgeukia pembeni. Aya zikateremka juu ya jambo hilo, nazo zinasomwa mpaka leo. Ikiwa kukunjiwa uso kwa mara moja, tena na mbora wa viumbe, kwa nia njema, kuliteremshiwa aya, ni nini hukumu ya skuli inayowakunjia uso watoto nusu ya darasa kwa miaka minne kwa sababu hawatapandisha jina lake?

Na haya ndiyo maji ya mgema niliyoyaahidi. Wako walimu ambao muhula wa mwisho ukifika huwafundisha wale kumi wenye matumaini, wengine wakaachwa nyuma wacheze. Wako wenye skuli za kulipia waliojiwekea wastani wao: mtoto asipoufikia huambiwa arudie darasa, au wazazi wake wamtafutie pengine. Serikali imeyakemea hayo mara kadha. Skuli ya namna hiyo ikitoa matokeo safi, watu husema, "Angalieni, hawana sifuri hata moja!" Vipi watakuwa na sifuri, na hali wenye kuelekea sifuri wametolewa mlangoni, wakapokewa na skuli ya kata ya jirani, ambayo Januari ikifika itazomewa kwa ajili yao? Huyu amepata faida ya mizani kwa kumtupia mwenziwe mchanga.

Kinyume cha hayo tunacho katika historia yetu wenyewe. Baada ya vita vya Badri, mateka waliojua kuandika na wasio na mali ya kujikomboa walipewa njia nyingine: kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina, kisha aende zake. Kipimo cha kazi kilikuwa wazi. Mateka hakupata uhuru wake kwa kumchagua mtoto mmoja hodari na kumng'arisha. Alitakiwa kumi, na wote kumi wajue.

MIMI NA JIRANI YANGU

Sasa niseme na langu, kwani si adabu kuwanyooshea watu kidole na mkono mwingine nimeuficha.

Nilikuwa na mwanangu katika skuli moja ya kata. Nilihudhuria vikao vya wazazi, nilipiga makelele juu ya choo, juu ya mwalimu wa fizikia aliyekuwa hayupo, juu ya makande ya mchana yaliyokosekana kwa kuwa wazazi hawakukubaliana mchango. Nusu ya hayo yalitengenezwa. Kisha matokeo ya mwaka mmoja yakatoka mabaya, nikashikwa na khofu. Nikauza kiwanja kidogo nilichokuwa nacho, nikampeleka kijana skuli ya kulipia.

Jirani yangu ni mama mjane anayeuza dagaa, asili yake visiwani. Binti yake alikuwa darasa moja na mwanangu. Alinijia jioni, akanisalimia, akakaa kwenye kizingiti, kisha akasema, "Baba, nimesikia mmemhamisha kijana. Ni kheri, Mungu amsaidie. Ila mimi nikisema kwenye kikao hawanisikii. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema. Sasa atasema nani?"

Nilimjibu, "Mama, nitaendelea kuwa pamoja nanyi." Wallahi nilikuwa na nia. Lakini mwaka mzima ulipita sikukanyaga pale.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: je, nilikosea? Nimewasikia watu wa aina mbili. Mmoja husema mzazi hana kosa, mtoto ni amana yake, na hatakiwi kumtoa kafara kwa ajili ya mtaa. Mwingine husema wenye uwezo wakikimbia, skuli ya umma hubakia ya wasio na sauti, na isiyo na mwenye sauti haitengenezwi. Wote wawili wamesema kweli. Lililonitoa katika mashaka ni jambo tulilofundishwa chuoni tungali watoto, kwamba faradhi ziko za namna mbili.

Iko faradhi ya ain, inayomlazimu mtu binafsi, haiondoki shingoni mwake kwa kufanywa na mwingine. Kumlea mwanangu na kumsomesha kwa kadiri ya uwezo wangu ni katika hizo. Na iko faradhi ya kifaya, inayowalazimu watu kwa jumla: wakiisimamia wa kutosha, wengine husameheka, wasipopatikana wa kuisimamia, wote wana dhambi. Maiti wa mtaani asipozikwa, hatuulizi ni ndugu wa nani. Mtaa mzima umekosa. Nami naona skuli ya mtaa ni katika mlango huo. Kumhamisha mwanangu kulikuwa ndani ya ile ya kwanza, na sidhani Mola atanikamata kwa hilo. Lakini mimi nilidhani nimeihamisha na ile ya pili pamoja na begi la mtoto. Hapo ndipo nilipokosea. Faradhi ya kifaya haihami kwa gari la skuli.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye kikao, sina mtoto pale, nikakaa nyuma. Hakuna aliyeniuliza nimekuja kufanya nini. Yule mama alinisogezea benchi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tunapoyasoma matokeo, tuulize maswali matatu kabla ya kusifu au kulaumu. Watoto hawa waliingia wakiwa na alama gani? Walioingia kidato cha kwanza ni wangapi, na waliofika kwenye mtihani ni wangapi? Na miongoni mwa waliofaulu, wangapi ni wa daraja la nne? Mwalimu mkuu yeyote anaweza kuyajibu. Anayekataa kuyajibu amekwisha kujibu.

Pili, tupunguze mchanga ndani ya gunia kwa vitu tunavyoviweza. Msikiti una taa, una mikeka, na baina ya magharibi na isha una watu waliosoma waliokaa wakizungumza siasa. Saa hiyo moja, mara tatu kwa wiki, mhasibu akifundisha hisabati na muuguzi akifundisha baiolojia, ni sadaka isiyohitaji harambee. Na aje mtoto yeyote wa mtaani, awe wa dini yoyote. Mchango wa makande nao usidharauliwe. Tumbo tupu halisikii Kiingereza.

Tatu, chuo na skuli visigombanie mtoto. Mwalimu wa chuo anayemweka mtoto mpaka usiku, na mwalimu wa skuli anayemwita Jumamosi na Jumapili, wakae pamoja wagawane saa zake.

Nne, tuache kuhesabu majina. Wako wenzetu ambao orodha ikitoka huchukua kalamu, wakahesabu majina ya Kiislamu na ya Kikristo, wakatoa hukumu. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho nchini kuuliza dini, na jina peke yake halikuambii mtoto alilala njaa au alishiba. Historia yetu ina majeraha ya kweli, nimeyataja na siyafichi. Lakini lalamiko lina nguvu likija na ushahidi. Mwaka 2012 matokeo ya somo la Maarifa ya Uislamu ya kidato cha sita yalilalamikiwa kwa hoja, yakapitiwa upya, na kosa la ukokotoaji likaonekana, likasahihishwa. Hiyo ndiyo njia. Kuhukumu kwa kukisia ni mizani nyingine yenye mchanga, hata ikiwa mchanga huo ni wa upande wetu.

Na la mwisho, ndugu msomaji, liko nyumbani. Januari ijayo binti atakapoingia na karatasi yake, au na simu mkononi na macho mekundu, usimwulize kwanza amepata nini. Wewe unajua alikotoka. Unajua ndoo alizobeba, unajua usiku ambao mafuta yalikwisha, unajua na siku alizofanya uvivu. Wewe umekaa karibu na gunia kuliko mtu yeyote. Mpime kwa kipimo kilichotimia: umlaumu kwa lililo lake, umwondolee lisilo lake, na lililo lako wewe ulikubali.

Kwani iko mizani nyingine inayotungoja sote, isiyochanganya samaki na mchanga, wala haihitaji kupangwa upya. Mbele yake haitaulizwa skuli yetu ilikuwa ya ngapi. Tutaulizwa tulipewa nini, na tulifanya nini kwa tulichopewa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kutimiza vipimo, awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awalipe kheri walimu wanaofundisha kumi wote. Amin.